Desimali Zinazojirudia: Kuzitambua, Kuzitabiri na Kuzirudisha Kuwa Sehemu

Mtoto wa gredi ya nane akikuuliza kwa nini 1 gawanya kwa 3 haina mwisho, usimjibu "ndivyo ilivyo". Sababu ipo, na huonekana kwa macho mara tu unaposhika kalamu. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, wa mzazi anayekaa naye jioni kwenye kazi ya nyumbani, na wa mtu mzima ambaye hesabu zake ni za fedha: kodi ya nyumba ya watu watatu Bamburi, faida ya duka la ubia Marikiti, au mirathi inayosubiri kugawanywa. Mirathi nitaizungumzia zaidi, maana hapa Mombasa ndiko watu wengi wanakokutana na thuluthi (1/3) na sudusi (1/6) baada ya kuacha shule.

Andaa kalamu na daftari. Kikokotoo kiweke kando kwa sasa. Kitakuja mwishoni kwa kazi maalumu, na ukianza nacho mapema kitakufichia jambo lenyewe.

Majina na alama

Sehemu ina nambari mbili. Ya juu huitwa kiasi, ya chini huitwa asili. Katika 3/8, kiasi ni 3 na asili ni 8. Desimali huandika thamani ile ile kwa sehemu za kumi, za mia, za elfu na kuendelea. 3/8 ni 0.375, na hapo imekoma. 1/3 ni 0.333… na haikomi. 5/12 ni 0.41666…, ambapo 4 na 1 hutokea mara moja tu, kisha 6 hujirudia bila kikomo.

Tarakimu zinazojirudia nitaziita mkia. Shuleni mkia huwekewa nukta juu ya tarakimu yake ya kwanza na ya mwisho, au hupigwa mstari juu wote. Kwenye simu ni taabu kuandika nukta hizo, kwa hiyo hapa nitafunga mkia ndani ya mabano: 0.(3), 0.41(6), 0.(142857). Kwenye karatasi ya mtihani fuata alama aliyokufundisha mwalimu wako.

Hatua ya kwanza: gawanya kwa mkono, macho yawe kwenye baki

Tuchukue 1/7. Saba haiingii kwenye 1, basi tunaandika 0 na nukta, tunaongeza sifuri na kuendelea:

10 ÷ 7 = 1, baki 3
30 ÷ 7 = 4, baki 2
20 ÷ 7 = 2, baki 6
60 ÷ 7 = 8, baki 4
40 ÷ 7 = 5, baki 5
50 ÷ 7 = 7, baki 1

Simama hapo. Tulianza na 1, na sasa baki ni 1 tena. Ukiongeza sifuri unapata 10, na 10 tumeshaigawanya kwenye mstari wa kwanza. Kila kitakachofuata tumeshakiona. Kwa hiyo 1/7 = 0.(142857).

Siri yote ya mada hii imo ndani ya safu ile ya baki. Ukigawanya kwa 7, baki haliwezi kuwa lolote zaidi ya 0, 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Likitokea 0, desimali imekoma. Lisipotokea, yanabaki mabaki sita tu ya kuchezea, na baada ya hatua sita huna budi kurudia mojawapo. Ndiyo maana kila sehemu, hata iwe na asili kubwa namna gani, ama hukoma ama hujirudia, na mkia wake hauwezi kuwa mrefu kuliko asili kutoa moja. Nambari ambayo haikomi wala haijirudii haiwezi kuandikwa kama sehemu. Pai ni ya namna hiyo. 22/7 tunayoitumia darasani ni 3.(142857), ilhali pai ni 3.14159…, zinakubaliana kwa tarakimu mbili tu baada ya nukta, kisha kila moja inashika njia yake.

Andika mabaki kwenye safu yake pembeni, usiyaache yakapotea katikati ya kazi. Wengi hukosea kwa kutazama tarakimu za jibu badala ya baki. Jaribu 37/110:

370 ÷ 110 = 3, baki 40
400 ÷ 110 = 3, baki 70
700 ÷ 110 = 6, baki 40

Mwenye haraka angeona 3 mbili zimefuatana akaandika 0.(3). Lakini mabaki ya mistari hiyo miwili ni 40 na 70, hayafanani, kwa hiyo hakuna kilichojirudia bado. Baki 40 linaporudi ndipo tunajua: 0.3(36).

Kabla ya kuendelea, gawanya 3 kwa 7 mwenyewe. Utapata 0.(428571): tarakimu zile zile za 1/7, zikianzia mahali pengine. Ni mzunguko mmoja wa mabaki, ila umeuingia kupitia baki 3 badala ya 1. Tutaihitaji hii kwenye mirathi.

Hatua ya pili: tabiri kabla ya kugawanya

Rahisisha sehemu kwanza. Usiruke hapo. 6/15 inaonekana kama itajirudia kwa sababu 15 ina 3 ndani yake, kumbe ni 2/5, yaani 0.4.

Ukisharahisisha, vunja asili kuwa vigawo tasa. Ikiwa ni 2 na 5 tu, desimali itakoma. Kumi yenyewe ni 2 × 5, na desimali inayokoma si kingine ila sehemu yenye asili ya 10, 100, 1,000 na kadhalika. 3/8 tunaizidisha juu na chini kwa 125, inakuwa 375/1,000. Asili ya 3 haina njia hiyo: jumla ya tarakimu za 10, 100 au 1,000 ni 1 siku zote, na nambari inayogawanyika kwa 3 lazima jumla ya tarakimu zake igawanyike kwa 3.

Ikiwa asili haina 2 wala 5 hata moja, mkia huanza papo hapo baada ya nukta, kama 1/7 na 4/9. Ikiwa imechanganya, kama 12 au 22, zitatangulia tarakimu chache zisizojirudia. Ni ngapi? Hesabu 2 zilizomo kwenye asili, hesabu na 5, chukua idadi iliyo kubwa. 12 ni 2 × 2 × 3, kwa hiyo tarakimu mbili zitatangulia: 1/12 = 0.08(3). 30 ni 2 × 3 × 5, itatangulia moja: 7/30 = 0.2(3). 150 ni 2 × 3 × 5 × 5, zitatangulia mbili: 1/150 = 0.00(6).

Urefu wa mkia nao hutabirika. Ondoa 2 na 5 zote kwenye asili, kisha tafuta nambari ya kwanza kati ya 9, 99, 999, 9,999… inayogawanyika kwa kilichobaki. Idadi ya tisa ndiyo urefu wa mkia. 11 inaigawanya 99, mkia ni tarakimu mbili. 37 inaigawanya 999, mkia tatu. 101 inaigawanya 9,999, mkia nne. 41 inaigawanya 99,999, mkia tano. 7 na 13 zinasubiri hadi 999,999, mkia sita. Ukubwa wa asili haukuambii kitu: 37 ina mkia wa tatu, ilhali 17 ina mkia wa kumi na sita na 19 wa kumi na minane.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote hapa: 27 × 37 = 999. Kwa sababu hiyo 1/27 = 0.(037) na 1/37 = 0.(027). Kila moja imebeba mwenzake mkiani.

Hatua ya tatu: kuirudisha desimali kuwa sehemu

Hapa ndipo penye maswali mengi ya mtihani. Tuanze na mkia unaoanza mara baada ya nukta. Iite desimali N:

N = 0.(27)

Mkia una tarakimu mbili, kwa hiyo tunazidisha kwa 100 ili nukta iruke mkia mmoja mzima:

100N = 27.(27)

Sasa toa mlinganyo wa juu kwenye huu. Baada ya nukta pande zote mbili zina 272727… zisizokwisha, zinafutana kabisa, hakuna tarakimu inayosalia huko mwisho kwa sababu huko mwisho hakupo:

99N = 27
N = 27/99 = 3/11

Kwa mkato: mkia huenda juu, na chini zinakwenda tisa kwa idadi ya tarakimu za mkia. 0.(7) ni 7/9. 0.(09) ni 9/99, yaani 1/11; ile sifuri inahesabiwa, ukiisahau utapata 9/9, ambayo ni kituko.

Mkia uliotanguliwa na tarakimu zisizojirudia unahitaji milinganyo miwili. Tuchukue N = 0.58(3). Kwanza sogeza nukta hadi mlangoni mwa mkia, kisha hadi mwisho wa mkia mmoja:

100N = 58.(3)
1,000N = 583.(3)

Toa:

900N = 525
N = 525/900

Kigawo kikubwa cha shirika cha 525 na 900 ni 75, kwa hiyo N = 7/12.

Wanaotoa N yenyewe kwenye 1,000N hawajakosea kimantiki, ila wanapata 999N = 582.75, na sasa wana desimali nyingine ya kuondoa. Kosa halisi ni kuandika 583/999. Hiyo ni 0.(583), nambari tofauti kabisa.

Mkato wake ni huu. Soma tarakimu zote hadi mwisho wa mkia kama nambari moja, toa zile zilizo kabla ya mkia. Chini andika tisa kwa idadi ya tarakimu za mkia, zifuatwe na sifuri kwa idadi ya tarakimu zilizo kati ya nukta na mkia. Nambari nzima iliyo mbele ya nukta haiharibu kitu. 2.1(36): 2136 − 21 = 2115. Mkia una tarakimu mbili na kabla yake ipo moja, kwa hiyo chini ni 990. 2115/990, ukigawanya juu na chini kwa 45, ni 47/22. Hakiki kwa hatua ya kwanza: 47 ÷ 22 ni 2 baki 3, 30 inatoa 1 baki 8, 80 inatoa 3 baki 14, 140 inatoa 6 baki 8. Baki 8 limerudi, na jibu ni lile lile.

Kuna moja inayozua ubishi kila inapotajwa. Iweke 0.(9) kwenye njia hii: 10N = 9.(9), toa N, 9N = 9, N = 1. Si "karibu na moja". Ni moja. Anayekataa mwombe ataje pengo lililopo kati yake na 1. Akisema sehemu ya elfu, tisa nne zinatosha kuonyesha kwamba pengo ni dogo zaidi ya hapo. Akisema sehemu ya milioni, unaongeza tisa. Pengo lolote atakalolitaja ni kubwa mno, na pengo lililo dogo kuliko kila pengo ni sifuri. Kwa hoja hiyo hiyo 0.4(9) ni 0.5.

Mirathi: pale mkia unapogeuka kuwa shilingi

Mafungu ya mirathi yaliyotajwa katika Qur'ani ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Yapitishe kwenye hatua ya pili. Matatu ya kwanza yanakoma: 0.5, 0.25, 0.125. Matatu mengine hayakomi: 0.(6), 0.(3), 0.1(6). Wanazuoni wa faraidhi, yaani elimu ya mirathi, hawahangaiki na desimali hata kidogo. Hutafuta asili ya shirika, kama 6, 12 au 24, wakahesabu hisa nzima nzima. Ukiielewa mikia, unaelewa kwa nini.

Mfano. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Hana mtoto, baba wala babu. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Kwa asili ya 6 ni hisa 3 na hisa 4, jumla 7. Hisa zimezidi mali. Kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea Pwani hapa huingia aula: asili inapandishwa hadi 7, kila mmoja anapunguziwa kwa uwiano. Mume anapata 3/7, kila dada 2/7.

Tuseme mali iliyobaki baada ya mazishi, madeni na wasia ni shilingi 1,500,000. Zidisha kwanza, gawanya mwisho:

Mume: 1,500,000 × 3 ÷ 7 = 642,857.14
Kila dada: 1,500,000 × 2 ÷ 7 = 428,571.43

Jumla inarudi 1,500,000 kamili. Zitazame tarakimu zenyewe: ni mkia wa 1/7 umevaa alama za fedha.

Sasa mtu mwenye haraka aandike 3/7 kama 0.43. Mume atapewa 645,000, na dada watapungukiwa shilingi 2,142.86. Kwa nyumba ya milioni 15, kosa hilo hilo la tarakimu mbili ni shilingi 21,428.57. Baki na sehemu mpaka mstari wa mwisho, kisha ndipo ukadirie hadi senti. Senti nazo zikaguliwe: 1,000,000 kwa watatu ni 333,333.33 kila mmoja, na jumla yake inapungua senti moja. Afadhali mkubaliane mapema kwamba wawili wanachukua 333,333 na mmoja 333,334.

Kisa mashuhuri zaidi cha aula ni cha mwanamume aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Thumuni, thuluthi mbili, sudusi na sudusi: kwa asili ya 24 ni 3 + 16 + 4 + 4, jumla 27. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa akiwa juu ya mimbari akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imegeuka tusui. Na kweli, 3/27 ni 1/9. Desimali iliyokuwa inakoma, 0.125, imegeuka 0.(1). Wazazi kila mmoja ana 4/27, yaani 0.(148), na mabinti kwa pamoja 16/27, yaani 0.(592). Mikia hii miwili ni ya tarakimu tatu, kama 27 ilivyotuahidi. Mali ikiwa 2,700,000, hakuna haja ya desimali yoyote: mke 300,000, kila binti 800,000, baba 400,000, mama 400,000.

Hayo ni hesabu tu. Nani anarithi na nani anazuiwa ni kazi ya Mahakama ya Kadhi, ambayo katiba ya 2010 imeitaja katika kifungu cha 170. Mashia, kwa mfano, hawaitumii aula.

Saa na dakika

Kwa ufupi: 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na ile 3 ndiyo mchokozi. Dakika 20 ni 0.(3) ya saa, dakika 10 ni 0.1(6). Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 90 kwa saa unapata 120/90, yaani saa 1.(3). Hiyo ni saa moja na dakika 20, wala si dakika 33. Rudisha mkia kuwa thuluthi, uizidishe kwa 60.

Kikokotoo, sasa

Ukiona 0.6666667, ile 7 si ya mkia. Mashine imekadiria tarakimu ya mwisho. Usiiandike. Shida ya pili ni mkia mrefu kuliko skrini. Hata kikokotoo cha tarakimu nane kinaweza kukupa mkia wote wa 1/17, mradi ufuate mabaki:

1,000,000 ÷ 17 = 58,823.5… Chukua 058823, tarakimu sita kwa sababu uliongeza sifuri sita. Baki: 1,000,000 − 17 × 58,823 = 9.
9,000,000 ÷ 17 = 529,411.7… Chukua 529411. Baki: 9,000,000 − 17 × 529,411 = 13.
13,000,000 ÷ 17 = 764,705.8… Chukua 764705.

Ziunganishe: 058823 529411 764705. Baada ya tarakimu kumi na sita unaona 05 imerudi, na tulishasema mkia wa 17 ni kumi na sita, kwa hiyo 1/17 = 0.(0588235294117647).

Mazoezi

Bila kugawanya, sema zipi zinakoma na zipi zina mkia: 9/40, 7/18, 4/33, 21/28.
Geuza kuwa sehemu: 0.(45), 0.1(6), 0.2(27), 3.(714285).
Mwanamke ameacha mume (robo), mabinti wawili (thuluthi mbili) na mama (sudusi). Mali ni 1,300,000. Tafuta asili baada ya aula, fedha za kila mmoja, na urefu wa mkia wa fungu la mume.

Majibu. 9/40 inakoma kwa tarakimu tatu, 0.225. 7/18 ina tarakimu moja kabla ya mkia, 0.3(8). 4/33 ni 0.(12). 21/28 ni 3/4, inakoma, 0.75. Za pili ni 5/11, 1/6, 5/22 na 26/7. Katika mirathi, hisa kwa asili ya 12 ni 3 + 8 + 2, asili inapanda hadi 13. Mume 300,000, kila binti 400,000, mama 200,000. Mkia wa mume ni wa tarakimu sita, kwa sababu 13 inaigawanya 999,999: 3/13 = 0.(230769).